Mguu Njiani, Mtunza Vipepeo

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kutufariji, Mungu awalipe kwa kila hatua mliyopiga. Maisha ya mdogo wetu, ambaye karibu nyote mlimwita Mguu Njiani, yanasomwa na kaka yake mkubwa, fundi cherehani, naye fundi anaomba mumvumilie akisoma polepole, kwa kuwa karatasi hii ameiandika upya asubuhi ya leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa mwisho wa baba yetu mpasua mbao, na mama alikuwa akisema kwamba huyu alianza kutembea kabla hajajua anakwenda wapi. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1970 hadi Novemba 1976, na mwalimu wa darasa la nne, baada ya kumhamisha dawati mara tano kwa mwaka mmoja, alimwambia baba, "Mzee, mwanao huyu hana makalio ya kukalia kiti," baba akacheka mpaka akakohoa.

Mwaka 1977 alianza kupasua mbao pamoja na baba, akaacha, akabeba mizigo kwenye stoo ya saruji, akaacha, akapaka rangi nyumba za watu, akaacha hiyo nayo, na kila alipoacha alikuja kusimama mlangoni kwa fundi, hakai, anashika kitambaa hiki, anaacha, anashika kile, mpaka fundi anamwambia, "Mdogo wangu, ama kaa ama nenda, unanikatia uzi."

Alifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1987 na mpishi wa shule, ambaye leo ni mjane wake. Oktoba 1988 alikwenda kwenye ujenzi wa barabara, akarudi tarehe 18 Machi 1989, na tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo akazaliwa binti mkubwa. Mkunga alisema mtoto ni njiti, amewahi, lakini sisi tulihesabu miezi, tukamtazama paji, tukamtazama pua, hatukuona cha kwetu. Siku tulipokwenda kumwona, fundi alihesabu kwa vidole mbele ya watu wote, akasema, "Shemeji, huyu mgeni tumkaribishe kwa jina gani?" Watu walicheka. Shemeji hakucheka, na marehemu alitoka nje akazunguka nyumba mpaka tulipoondoka. Baadaye walizaliwa wengine watatu, 1991, 1994 na 1998, wote sura ya baba yetu kama waliogongwa muhuri, na jambo hilo badala ya kuzima maneno liliyachochea.

Tarehe 3 Februari 1995 aliajiriwa kufagia bustani ya vipepeo, akapandishwa kuwa mtunza, akadumu miaka ishirini na saba, kwa sababu ndiyo kazi pekee ambayo haikumtaka akae. Alikabidhiwa vipepeo ambao dume lao ni la manjano hafifu, kingo nyeusi, mabawa ya nyuma yana mikia miwili, nalo hupita ukingoni mwa miti kwenda na kurudi mchana kutwa bila kutua, hata wenzake wakasema sasa bustani ina wawili wa aina moja. Mwaka wa kwanza alifanya kosa. Kila alipokuta ndani ya banda la wavu kipepeo mweusi mwenye mabaka meupe, au mwenye rangi ya chungwa, asiye na mikia, alimwona mvamizi, akamtoa nje. Alifanya hivyo msimu mzima, mpaka banda likabaki na madume matupu yakizunguka, na hapakuwa na yai hata moja.

Mama mtaalamu wa bustani alimwambia, "Umewafukuza wake zao, baba." Marehemu hakuamini. Akamtafuta jike mmoja mweusi, akamfungia kwenye tawi la mlimao kwa chandarua, akakaa, yeye asiyekaa, siku hamsini kasoro chache. Aliona mayai yakiwekwa mojamoja kwenye majani, baada ya wiki vikatoka viwavi vidogo mfano wa kinyesi cha ndege, ndege wasivitake, vikakua vikawa kijani, ukivigusa vinachomoa pembe yenye harufu kali, kisha kila kimoja kikajifunga kwa uzi kwenye kijiti na kugeuka pupa, ukidhani ni jani lililojikunja. Wiki mbili baadaye walitoka sita, watatu wa manjano wenye mikia, wawili weusi, mmoja wa chungwa, mama yao mmoja.

Aliwatia katika boksi la viatu, akaja nalo kwa miguu mpaka kwa fundi, akalifungua juu ya cherehani, akasema, "Kaka, tazama." Fundi alitazama, akaelewa alichoambiwa, akajibu, "Hao ni wadudu. Sisi ni watu." Marehemu alifunika boksi akaondoka, na ndugu hawa wawili hawakuzungumza kwa miaka kumi na mmoja, hadi tulipomzika mama mwaka 2007.

Alistaafu Aprili 2022. Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akalazwa mara nne, na muda wote huo binti mkubwa, ambaye ni mwalimu wa chekechea, aliacha darasa lake mikononi mwa mwenzake, akawa anamgeuza kitandani kila alipohangaika, naye alihangaika saa zote. Tarehe 3 Juni 2024 fundi alikuwa pembeni ya kitanda. Marehemu alimwambia, "Kaka, nihesabie wanangu, kwa sauti." Fundi alitazama dirishani, akasema, "Pumzika kwanza, tutaongea." Tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, Mungu alimchukua, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Karatasi iliyopitishwa na kikao cha familia ilisema watoto watatu. Fundi ameichana, na kikao kimwelewe. Marehemu ameacha mjane na watoto: binti mkubwa, mmoja, mdogo wake wa kiume, wawili, binti anayemfuata, watatu, na kitinda mimba, wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wa bustani waliotuchimbia kaburi. Katika karatasi ya kwanza, jina la binti mkubwa liliwekwa hapa, kati ya wanaoshukuriwa kwa kumuuguza. Limeondolewa, kwa kuwa mtoto hashukuriwi mbele ya watu kwa kumuuguza baba yake. Mahali pake ni mbele kabisa, pembeni ya mama yake, na baba mkubwa anamwomba asogee akae pale kabla jeneza halijafungwa.

Mdogo wangu, nimehesabu. Mungu akupe kutulia.