Vidole Viwili vya Shangazi

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Shangazi atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa chumba cha vipimo, na hatalivaa tena. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa na miezi minne ya kazi. Katika muda huo wamepita wakuu sita wa karakana, jengo limepakwa rangi mara tatu, na msumari ni ule ule.

Si shangazi wa mtu yeyote hapa. Siku yake ya kwanza alitoka nje akamkaripia dereva wa lori aliyeacha injini ikinguruma wakati yeye anahesabu mapigo ya moyo, na mlinzi wa getini akasema huyo hakosi kuwa shangazi wa mtu. Jina likamganda. Hata kwenye orodha ya zamu ameandikwa hivyo.

Alikuja kwetu akitoka kwenye uuguzi, enzi hizo tukitengeneza vibanio vya hospitali, vile vinavyomulika ncha ya kidole kwa taa nyekundu ili kusoma mapigo ya moyo. Aliajiriwa kwa miezi mitatu tu, alinganishe namba za vibanio na hesabu ya mkono wake. Vidole viwili juu ya mshipa, macho kwenye saa ya ukutani, midomo ikisogea bila sauti, dakika nzima. Wenye haraka huhesabu sekunde kumi na tano kisha wakazidisha kwa nne. Yeye hataki kusikia habari hiyo, anadai moyo unaweza kubadili nia sekunde ya kumi na sita.

Waliowahi kuketi mbele yake wanaijua dakika hiyo. Chumba kina mapazia mazito ili mwanga wa nje usivichanganye vitambuzi vyetu vya mwanga, na ukikaa humo mchana, mkono ukiwa juu ya taulo iliyokunjwa, feni ikizunguka polepole, taa ndogo za kijani zikimeta mezani, unaanza kuelea. Unasahau ulikuja kufanya nini. Mimi, ambaye meza yangu imetazamana na yake miaka kumi na tisa, nimesinzia pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri kwenye jarida hili. Naye huandika pembeni ya namba yangu: amelala.

Miaka tisa iliyopita tulihamia kwenye saa za mkononi. Kwa asiyejua, mgongo wa saa una taa ya kijani. Mwanga unaingia ngozini, damu ikijaa kwa kila pigo mwanga unaorudi unapungua kidogo, na saa inahesabu kupungua huko. Mkono ukiwa wa baridi, mkanda ukilegea, au ngozi ikiwa nyeusi kuliko ya fundi aliyeipanga taa, hesabu inapotea njia. Sisi mafundi tulijipima wenyewe, tumekaa vitini, ndani ya chumba kile kile cha usingizi. Matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Tukajipiga kifua, na saa za majaribio tukawagawia ndugu na jamaa.

Moja ilikwenda kwa kaka mkubwa wa Shangazi, fundi cherehani mstaafu, ambaye moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Daktari alimwagiza atembee kila asubuhi, ila mapigo yasivuke mia. Wiki tatu baadaye Shangazi alimkuta sebuleni, miguu imevimba, viatu vimefungiwa kabatini. Saa yetu ilikuwa inamwambia kwamba kila akitembea, moyo unapiga mia moja na kumi na sita. Mzee wa watu aliogopa kwenda hata dukani.

Shangazi hakubishana naye. Alimvalisha viatu, akamshika kifundo cha mkono, wakatoka. Walitembea hadi kona ya posta na kurudi, ndugu wawili wenye mvi wameshikana mikono asubuhi na mapema, majirani wakichungulia madirishani na kutabasamu. Dakika nzima ya vidole ilimpa themanini na nane. Saa ikang'ang'ania mia moja na kumi na sita. Ndipo, anavyosimulia mwenyewe, akavisikia viatu, soli ngumu zikigonga lami. Akavihesabu navyo dakika nzima: mia moja na kumi na sita. Kila mguu ulipotua mkono ulitikisika, na saa ikadhani mtikisiko ule ndio moyo.

Jumatatu aliingia kazini na viatu vya kaka yake ndani ya mfuko, akaviweka juu ya meza ya mkutano, akatuambia huo ndio moyo tuliokuwa tunaupima. Tulinywea.

Mengi mliyoyasifu kwenye saa zetu yalianzia kwenye viatu vile. Kilifungwa kifaa cha kutambua mwendo ili saa ijue mtikisiko na kuutoa kwenye hesabu. Taa zikawa nne, zijiongezee nguvu zenyewe kulingana na ngozi. Mkanda wetu wa kwanza kaka yake aliukataa, akasema umeshonwa na mtu mwenye hasira, akashona wa kwake wenye mpira ndani, usiobana wala kulegea. Naye Shangazi akajaza daftari kwa watu mia nne na kumi na mmoja: wapishi, walinzi, mafundi bomba, na bibi mmoja wa miaka tisini na mbili aliyetaka ashikwe mkono hata baada ya kipimo kuisha. Alishikwa.

Vita vyake vikubwa vilikuwa juu ya kistari. Saa ilipopoteza mapigo, ilikuwa inakisia namba ya kuridhisha, kwa kuwa watu wa mauzo walisema hakuna atakayenunua saa isiyojua. Shangazi akaivalisha chupa ya chai saa hiyo. Ikasoma sabini na mbili. Akaandika daftarini kwamba mgonjwa yuko imara. Walimkalia kooni miezi miwili, lakini tangu hapo saa yetu isipokuwa na hakika huonyesha kistari kifupi. Kaka yake akikiona husimama, hupumua, hungoja namba irudi, kisha huendelea na safari.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa mimi mezani, mkono juu ya taulo, karibu nisinzie. Vidole vilisema sabini na moja, saa ikasema sabini na sita. Sote tulisimama upande wa vidole, na fundi akaanza kuifungua saa airekebishe. Shangazi alimzuia. Aliomba mkanda wa kifuani, ule unaosikiliza umeme wa moyo wenyewe, na tukarudia mara tatu. Mkanda ulikubaliana na saa. Akatuambia kwa sauti ndogo kwamba ncha za vidole vyake zilikuwa zimeanza kufa ganzi tangu mwaka jana, naye alidhani ni baridi.

Angenyamaza, tungeiharibu saa nzuri ili ifanane naye. Badala yake alidai vipimo vyake vyote vya mwaka mzima virudiwe, na kumi na vinne vilipatikana na kosa. Alichukua kitabu cha vifaa vibovu, akaandika kwa mwandiko wake wa kiuguzi: vidole viwili, mkono wa kulia, vinaruka mapigo, viondolewe kazini. Kisha akafungua daftari kwenye ukurasa wangu, akakata ile sabini na moja, akaweka kistari kifupi. Nililia, na sioni haya kusema.

Kaka yake anatuambia kwamba asubuhi wanatembea wote wawili, sasa wanafika mpaka ng'ambo ya posta. Saa anayo mkononi na inasoma vizuri. Dada yake bado humshika kifundo kile kile kwa vidole vile vile. Hahesabu kitu, amemshika tu.

Shangazi, ahsante kwa kila dakika nzima. Msumari tutauacha pale pale. Tunakuombea afya njema na asubuhi nyingi za kutembea, na safari hii, tafadhali, usizihesabu.