Maua ya Mtende wa Mabruki

Weka mkono kifuani uape kwamba haya hayatoki hapa. Haya, umeapa. Mimi pia niliapa, mwaka ule wa ukame, sabini na nne, mbele ya Mabruki muuza kahawa, na kahawa yake haijapoa mtaa mzima wa Cheyo ukawa unajua. Kijiwe chetu kilikuwa Mtendeni, penye mtende wa babu yake Mabruki aliyekuja na misafara. Mimi nauza kashata pembeni, masikio nimeyaweka benchini. Ncha moja ya benchi ilikaa wazi. Ilikuwa ya Abbasi, fundi cherehani, ambaye hakufika tena tangu mkewe Batuli ahamie kwa binti yao, kijiji cha ujamaa huko Usoke.

— Maua yangu yamekatwa tena, alisema Mabruki. Ijumaa ya pili hii.

— Popo hao, alisema Dionis, mshona viatu.

— Popo gani anatumia kisu?

— Basi jangwa. Redio inasema linashuka kutoka kaskazini. Litaanza na mtende, ndio mti linaoujua.

Saidi Jangwa, tuliyemwita hivyo kwa kuwa alipelekwa Libya vita vya Wazungu, alicheka mpaka akapaliwa.

— Jangwa nimelala nalo mimi. Mchana linakuchoma, usiku linakugandisha, na nge anavaa buti lako kabla yako. Kisu halina.

— Basi ngamia.

— Ngamia aje Tabora kwa miguu?

— Ana maji nunduni. Anapumzika Singida.

— Nunduni ni mafuta, bwana. Tena mtende huu ni dume. Kule Libya watu wanapanda juu, wanakata maua ya dume, wanayafunga kwenye jike, ndipo tende zinashika. Jike peke yake hauzai hata ukae miaka mia.

— Sasa dume la Mabruki linaoa wapi?

Mabruki akaninyooshea kikombe.

— Ijumaa ijayo tunamvizia, sala ikiisha. Wewe Bi Tatu, funga mdomo.

Nikaufunga. Nikaufungulia kisimani, sokoni, na kwenye kila mlango wenye mtu wa kupiga naye soga.

Ijumaa watu walipotoka msikitini, nusu ya mji ikauzunguka mti. Kule juu, kanzu imekunjwa kiunoni, kisu mkononi, uso mweupe kwa unga wa maua, alikuwa Abbasi.

— Shuka, Abbasi, alisema Mabruki. Hasira zilikuwa zimemwishia.

— Wangu ni jike, alijibu Abbasi, amekumbatia shada. Ule wa uani. Batuli alisema atarudi ukizaa.

Hata Dionis hakucheka.

— Lakini mji mzima ulijua leo tunakuvizia. Wewe hukusikia?

— Ningesikia kwa nani?

Mabruki akanigeukia. Saidi akanigeukia. Mlango wa Abbasi tu ndio sikuubisha. Nikainama, nikaanza kufunika kashata zangu, ingawa hata nzi hakuwapo.