Mzee Zewdneh na Mwisho wa Ngome ya Fisi Weupe

Mzee Zewdneh Habtewold alizaliwa tarehe 9 Februari 1944 huko Debre Birhan, mtoto wa nne wa Bwana Habtewold Desta na Bi Yeshimebet. Alichunga kondoo katika baridi ya kukata masikio, akiwaita jeshi lake.

Alianza masomo shule ya kanisa, akamaliza darasa la kumi shule ya serikali. Huko mwalimu alimwazima kitabu chake cha kwanza cha maajabu. Alikirudisha baada ya miaka miwili, jalada limeng'oka kwa kusomwa.

Mwaka 1965 alihamia Addis Ababa, akawa fundi wa mashine za kuchapa mtaa wa Piassa. Jioni alikodi vitabu kwa wauzaji wa kando ya barabara. Alipenda majoka, milango ya siri na miti inayosema, lakini hakuna alichokipenda kama Ngome ya Fisi Weupe, kisa cha malkia aliyefukuzwa kwake akaenda kuishi na fisi. Masikini, nakala ile haikuwa na ukurasa wa mwisho! Mwenye kitabu alikiri kwamba uliuzwa soko la Merkato, kufungia kolo, shayiri ya kukaanga. Basi Mzee akazunguka kwa wauza kolo wote, akinunua na kukunjua karatasi. Hakuna binadamu aliyewahi kula shayiri nyingi namna ile.

"Kaka, unanunua kolo au karatasi?" aliuliza msichana mmoja, Tsedale Workneh.

"Karatasi, dada. Natafuta mwisho wa kisa cha malkia na fisi."

"Huo? Nilimfungia mteja jana. Lakini niliusoma."

"Niambie basi! Alirudi kwao?"

"Nikuambie bure? Tuma wazee kwa baba."

Alituma wazee watatu kumposa. Walifunga ndoa tarehe 4 Mei 1969, na siku hiyohiyo akaambiwa: malkia alirudi nyumbani amempanda fisi mkubwa kuliko wote. Mwisho huo aliwasimulia wanawe, kisha wajukuu.

Mwaka 2021 kisukari kilimpofusha. Mwaka jana mjukuu wake Hiwot alipata nakala kamili, Mzee akafurahi kama mtoto. Bi Tsedale tu ndiye hakutulia. Siku ya kusoma ukurasa wa mwisho, aliweka birika la kahawa chini.

"Zewdneh, nisamehe. Ile karatasi sikuisoma. Wakati ule hata kusoma sikujua. Nilitaka tu urudi kesho yake."

Mzee alimgeukia mjukuu. "Hiwot, soma."

Kitabuni malkia hakurudi. Alikufa peke yake kwenye theluji. Mzee alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Mwandishi huyu hajui kitu! Tsedale, hebu simulia mwisho wa kwetu."

Akasimulia, na Mzee akasikiliza kama hajawahi kuusikia.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Novemba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Bi Tsedale. Watoto wawili, Alemtsehay na Berhanu. Na wajukuu watano, ambao ukimuuliza yeyote kati yao malkia aliishia wapi, atakujibu bila kufikiri kwamba alirudi nyumbani.

Mungu amlaze Mzee wetu kwenye amani Yake.