Rosaura Farinango, Aliyengojewa Jua

Baba padri, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Rumiloma, na ninyi mliosafiri kutoka pwani ambako hakuna baridi ya namna hii, mimi ni Abelardo Farinango, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kusoma historia yake, kazi ambayo Jumapili iliyopita mtu angeniambia kwamba nitaifanya leo Alhamisi ningedhani amelewa. Najua mnajiuliza kwa nini jeneza limewekwa kando ya kaburi nasi hatuziki, tena sakitu bado ni nyeupe kwenye majani, nawaomba uvumilivu, sababu mtaisikia kabla sijamaliza.

Marehemu Rosaura alizaliwa tarehe 30 Agosti 1961 hapa hapa Rumiloma, chini ya mlima Cayambe, akiwa mtoto wa taita, yaani mzee, Leonidas Farinango na mama Dolores Imbaquingo, wote wametangulia mbele ya haki, na kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Rosa, jina lilikuwa limeshamngoja mlangoni. Alianza shule ya msingi ya parokia mwaka 1967 na kumaliza darasa la sita Juni 1973, akaishia hapo, si kwa ukosefu wa akili bali kwa sababu ng'ombe wa shamba kubwa walihitaji mikono ya kuwakamua, na yeye mikono alikuwa nayo.

Mwezi Mei 1989 aliajiriwa kwenye mabanda ya nailoni ya maua ya waridi, yale yanayopelekwa ng'ambo, akakata, akapanga na kufunga mashada hadi alipostaafu Desemba 2016, na wenzake mliosimama pale karibu na lango ni mashahidi kwamba hakuna aliyekuwa na mkono mwepesi kama wake. Lakini nyumbani hakupanda mwaridi hata mmoja. Alikuwa akisema kwamba waridi la kazini ni kama tajiri wa mjini, limevaa likapendeza lakini halikukaribishi hata maji, halina harufu, halina asali, ndege halisogelei, na mtu aliyebatizwa Rosaura akizaliwa siku ya Mtakatifu Rosa anaruhusiwa kusema hivyo bila kulaumiwa.

Alichopanda mwenyewe mnakifahamu, kwa maana kimetoka kwenu. Sisi hapa tunaamini kwamba kipande cha mmea kilichoibwa huchipua vizuri kuliko cha kupewa, wengine wanaamini kidogo, dada yangu aliamini mno. Alikuwa na kisu kidogo mfukoni mwa aproni, akija kukujulia hali alitazama kwanza ukuta wako kabla ya kukutazama wewe, na alipoondoka kulikuwa na tawi limekwenda naye. Fuksia zilizoning'inia mlangoni kwake zilitoka nyumba ya baba padri, padri wa zamani, si huyu, na ule mtaxo, mpasheni wa huku milimani, uliofunika ukuta wote wa nyuma ulianza kama kijiti kilichotoka kwa jirani yake, mama Blanca Quimbiamba, ambaye baada ya miaka mitatu alikuja kuomba matunda ya juisi kutoka kwenye mmea wake mwenyewe. Mlioibiwa mtamsamehe, nami nikiwemo.

Raha yake ilikuwa benchi la mbao chini ya mtaxo ule, kikombe cha chai ya mchaimchai, kucha zimejaa udongo, na kinde. Ninyi wa pwani mtaniwia radhi, ninamaanisha ndege mvumaji, tuna wa aina nyingi, na yupo mmoja mwenye mdomo mrefu kuliko mwili wake, ambaye ndiye pekee anayeufikia utamu ulioko ndani ya ua la mtaxo. Huyo alipokuja dada alinyamaza, na waliomjua dada wanajua kwamba hilo halikuwa jambo dogo. Jirani alipomletea chupa nyekundu ya maji ya sukari ili ndege waje wengi zaidi, alishukuru, akaitia siki ya pilipili, akasema kumpa kinde sukari ni kumlea mtoto kwa peremende.

Alifunga ndoa na taita Heriberto Cachiguango, huyu hapa mbele yenu, tarehe 18 Februari 1984 katika kanisa la parokia, wakajaliwa watoto wawili, Efraín aliyezaliwa Machi 1985, fundi wa magari huko Quito, na Nélida aliyezaliwa Oktoba 1990, aliyebaki hapa nyumbani.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo kifo chake hakieleweki. Usiku wa sakitu kinde hawezi kuupasha mwili wake joto, basi huuzima. Asubuhi utamkuta tawini au chini ya dirisha, amekauka, wa baridi, macho yamefumba, utaapa amekufa. Dada alikuwa akiwaokota, akawaweka katikati ya viganja na kukaa nao kwenye benchi hadi jua litokeze juu ya mlima na kumfikia, na hapo ndege alitikisika, akajinyoosha, akaruka. Efraín alipokuwa na miaka sita aliwahi kumtia mmoja kwenye kiberiti kitupu na kumchimbia kaburi akilia, mama yake akamshika mkono, akamwambia, "Usimlilie bado, mwanangu. Jua halijafika." Jua lilipofika kiberiti kikaanza kuvuma. Tangu siku hiyo maneno hayo yakawa ya nyumba nzima, kwa ndege, kwa mkate usioumuka, hata kwangu mimi nilipokuwa nimefukuzwa kazi.

Kuhusu ugonjwa sina la kusoma. Alikuwa akimeza vidonge vya shinikizo la damu, kama nusu yetu, na Jumatatu jioni alinipigia simu kunigombeza kwa sababu mbolea ya sungura niliyomletea ilikuwa bado ya moto, haijaoza. Hiyo ndiyo sauti niliyonayo masikioni, mtu anayegomba juu ya mbolea, na mpaka sasa akili yangu inakataa kuiweka pamoja na jeneza hili.

Jumanne tarehe 15 Julai 2025 kulikucha na sakitu, marehemu alitoka saa kumi na mbili asubuhi kutazama ndege wake, na taita Heriberto akabaki jikoni kuchemsha maziwa. Alipomfuata na kikombe alimkuta amekaa kwenye benchi, ameegemea ukuta, shali imemfunika vizuri, na mikononi mwake amemshika kinde. Alimgusa akamkuta wa baridi. Shemeji yangu akavua poncho yake, akamfunika nayo, akakaa kando yake. Mama Blanca alipochungulia juu ya ukuta na kuuliza kulikoni, alimjibu, "Usilie, mama Blanca. Jua halijafika." Mama Blanca alifikiri anazungumzia ndege, akarudi kuwalisha sungura wake. Jua liliwafikia saa moja na dakika kumi, kinde akatikisika mikononi mwa dada yangu, akajinyoosha, akaruka. Yeye hakutikisika. Hapo ndipo shemeji alipopiga kelele ambayo wengi wenu mliisikia.

Daktari wa kituo cha afya alisema moyo ulisimama, na kwamba huenda ulikuwa umeshasimama maziwa yakiwa bado jikoni, lakini alisema huenda. Efraín aliwasili siku hiyohiyo, akasikia habari ya kungojwa jua, akamwambia baba yake mbele yetu sote, "Baba, mama yangu si ndege." Taita Heriberto akamjibu, "Najua, mwanangu. Lakini miaka arobaini na moja nimemwona akiwarudisha." Efraín hakusema naye tena. Jana aliniomba niandike tu kwamba mama alifariki ghafla, nisonge mbele. Baba yake akaja baadaye, akaniambia, "Soma yote, shemeji. Afadhali walisikie kwako kuliko sokoni." Nimesoma yote, na anayetaka kukasirika anikasirikie mimi.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa kituo cha afya, inawashukuru majirani waliochimba kaburi hili kwa minga, kazi ya wote isiyo na ujira, inamshukuru mama Blanca aliyepika mote, yale mahindi ya kuchemsha, na viazi kwa siku mbili bila kukaa, na wenzake wa mabandani walioleta mashada haya ya waridi, ambayo marehemu angeyapokea kwa adabu na kuyacheka mkiondoka.

Yafuatayo hayamo kwenye karatasi. Mliokuwa nyuma hamkusikia, lakini tulipolifikisha jeneza hapa, kaburi lilikuwa bado kwenye kivuli cha mlima, baba padri ameshafungua kitabu, vijana wameshashika kamba, na aliyeweka mkono wake juu ya kamba ni Efraín. Alimtazama baba yake, akasema, "Tusimshushe bado. Jua halijafika." Taita Heriberto akaenda kusimama karibu naye, na bado wamesimama hivyo, mnawaona. Hiyo ndiyo sababu ya kungoja kwetu, na ndiyo sababu nimeambiwa nisome polepole.

Nimekuwa nikiliangalia jua kwa pembe ya jicho, limeshuka kwenye mikaratusi, limepita ukuta, na sasa liko juu ya jeneza. Dada, tumekungoja kama ulivyotufundisha. Jua limefika, na hukuruka. Sasa turuhusu tukulilie. Pumzika kwa amani, Rosaura.