Koko Sidonie na Jina la Elisée

Tunayemzika leo hapa Kashojwa, Alhamisi tarehe 12 Februari 2015, ni Sidonie, fundi cherehani wa soko la Misiera. Sisi wajukuu tulimwita Koko, na baadaye nusu ya majirani wakamwita hivyo hivyo. Mimi ni Orpa, binti wa mwanawe mkubwa, Appolinaire. Baba ameniomba nisome kwa sababu yeye hawezi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1946 huko Nyabibwe, Kalehe, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa pili wa Nehemiya, mkulima wa kahawa. Alisoma miaka minne tu katika shule ya misheni, kisha akapelekwa kwenye foyer, nyumba ya mafunzo ya wasichana, kujifunza kushona. Alipenda kusema kwamba hesabu zilimshinda darasani lakini hazikumshinda kwenye kitambaa. Ni kweli alikata nguo bila kuchora mstari. Akikosea hakukiri, alisema mwenye nguo amenenepa.

Tarehe 20 Agosti 1966 alifunga ndoa na mwalimu Léopold. Mungu aliwajalia watoto watano, wawili wakafariki wangali wachanga. Waliobaki ni Appolinaire, Marie, na kitinda mimba, Elisée, aliyezaliwa mwaka 1982. Babu Léopold alifariki mwaka 1993, na Koko akawalea wanawe kwa cherehani.

Novemba 1996, vita vilipowakimbiza, walikuwa karibu na mji wa Sake, Koko alipogundua kwamba kichwa cha cherehani kimesahaulika katika nyumba walimolala. Akamtuma Elisée, mwenye miaka kumi na minne, akakilete. Alimwambia watamngojea palepale. Lakini umati uliokuwa ukikimbia uliwasukuma mbele, na hawakuweza kusimama. Mwezi Januari 1997 waliandikishwa katika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, bila cherehani na bila Elisée. Hakujisamehe kamwe. Wanaosema muda huponya hawakumjua Koko.

Sote tunaijua siku ya kuhakikiwa, wakimbizi tunapohesabiwa upya: kila familia husimama na kadi yake, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Katika mstari wetu Koko aliacha nafasi ya mtu mmoja baada ya shangazi Marie, na aliyejaribu kusogea alirudishwa kwa kiwiko. Mimi nimekipata kiwiko hicho mara nyingi. Karani akiuliza Elisée yuko wapi, Koko alijibu, “Hayafika bado, lakini mumuandike.” Wakamwandika kama aliyepotea, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 2009 Koko alikuwa mgonjwa, baba akaenda kuhakikiwa kwa niaba yake. Alichoka kuulizwa. Akamwambia karani kwamba mdogo wake alikwisha kufa, na jina likafutwa. Baba alidhani anamtua mama yake mzigo. Koko aliposomewa kadi hiyo hakupiga kelele. Aliendelea kumpikia baba na kumshonea mashati, lakini hakumwita tena kwa jina lake. Kwa miaka mitano alimwita “Baba Orpa,” kama jirani tu.

Sasa niwaeleze habari ya Mbarara, maana najua wengine mliisikia vibaya, na kuna aliyesema Koko alikwenda kwenye mambo ya mashetani. Jumamosi tarehe 16 Agosti 2014 kulikuwa na mkusanyiko wa mashabiki wa filamu na vitabu vya katuni, ambamo kila mtu huja amevaa kama mtu wa hadithi anayempenda. Mdogo wangu Joël alitaka kwenda akiwa askari wa zamani. Alijitengenezea vazi la chuma kwa makopo ya mafuta ya mgao, na Koko akamshonea joho jekundu huku akilalamika, “Hii chuma itakuchinja shingo, na bado haujaoa!” Mwishowe akasema tutakwenda sote, na baba pia, ili aone mwenyewe watu hao wanaabudu nini.

Mlangoni kulikuwa na meza ya kuandikisha. Koko kuona meza, karatasi na foleni, akatoa kadi ya familia kwenye mkoba, akatupanga kwa umri, akaacha ile nafasi. Nyuma yetu watu wenye pembe na mabawa walingoja. Nilitamani ardhi inimeze. Mwenye meza alikuwa kijana aitwaye Meddy, mtoto wa mwanajeshi, aliyejifunza Kiswahili katika kambi ya jeshi pale Mbarara.

“Mama, kadi hapana,” alisema. “Hapa sisi naandika jina tu. Jina yoyote wewe nataka.”

“Yoyote? Hauulize kama eko hapa?”

“Hapa hakuna mtu nauliza, mama.”

Koko alirudisha kadi mkobani. “Basi andika Elisée. Eko na miaka makumi tatu na mbili.”

Meddy aliandika kwa herufi kubwa, akampa beji yenye kamba. Koko akaivaa. Nilipogeuka, baba alikuwa ameinamisha uso, machozi yakimtoka mbele ya watu wote wale.

Mchana walianza kuwaita jukwaani kwa majina. Joël alipita vyuma vyake vikigongana kama sufuria, akapigiwa makofi. Kisha wakaita, “Elisée!” Wakaita tena. Koko alisimama katikati ya ukumbi, akajibu kwa sauti ile ile ya siku ya kuhakikiwa: “Hayafika bado, lakini mumuandike!”

Ukumbi ulidhani ni igizo. Walimshangilia mpaka viti vikatikisika. Ndipo baba akasimama kando yake na kusema, “Ni mudogo wangu. Nilibadanganya. Sijue kama alikufa.” Watu wakazidi kupiga makofi. Koko hakumtazama. Lakini tulipotoka nje alimnyooshea mkoba wake, akasema, “Appolinaire, shika hii.” Baba aliushika kwa mikono miwili mpaka tukafika nyumbani.

Mwezi Novemba presha ilimzidi, na figo zikaanza kushindwa. Alilazwa katika hospitali kubwa ya Mbarara tarehe 21 Januari mwaka huu. Beji ilining'inia kitandani. Siku zake za mwisho alimwita baba kwa jina kila saa, hata bila haja yoyote. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Februari, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa baba. Tumemvalisha gauni aliloshona mwenyewe, na beji iko kifuani.

Kabla karatasi hii haijapelekwa kuchapwa mjini Kabingo, nilimsomea baba. Nilikuwa nimemweka Elisée kati ya waliotangulia. Baba alichukua kalamu, akamfuta pale, akamwandika hapa, kwa mkono wake:

Marehemu ameacha watoto watatu, Appolinaire, Marie na Elisée, pamoja na wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Mungu akupe pumziko ambalo hukulipata kwetu, Koko. Nanyi ndugu na majirani, sasa familia itapanga mstari kutupa udongo, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Tafadhali msisogee. Nafasi iliyo baada ya shangazi Marie ina mwenyewe.