Sista Kawaida na Shashi ya Ishirini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Wakuu wa idara. Wauguzi, ambao kwa haki mngetajwa kwanza. Watoto na wajukuu wa mwenye shughuli. Na wewe mama fundi cherehani uliyeketi safu ya tatu, nitakufikia, usiondoke: hamjambo nyote?

Nimepewa dakika tano. Mnaonifahamu mnajua kwamba mimi daktari wa upasuaji sina nilifanyalo kwa dakika tano isipokuwa kukasirika, na hilo nalo huchukua sekunde tu.

Leo tunamuaga muuguzi wa chumba cha upasuaji ambaye kwa miaka thelathini na moja tumemwita Sista Kawaida. Jina hilo nilimpa mimi, na wallahi sikuwa namsifu. Kabla sijashika kisu, alihesabu shashi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, kwa sauti, mwenzake akiitikia. Nikimaliza, anahesabu tena, anazitundika tano tano kwenye reli, na uzi wa kushonea hanipi mpaka aseme, "Idadi imetimia, Daktari." Nikimuuliza kwa nini ananichelewesha, jibu lake lilikuwa moja: "Kawaida." Jamani, neno hilo lilinipanda kichwani!

Mwaka wetu wa kumi nikamwandikia barua ya malalamiko. Ninayo hapa mfukoni: "Muuguzi huyu ni mtumwa wa mazoea. Ahamishwe." Kikao cha kumjadili kikapangwa Alhamisi.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo aliletwa mama mmoja anavuja damu tumboni. Tulihangaika naye kwa saa tatu, damu ikakata, nikanyoosha mkono nipewe uzi. Sista akasema, "Kumi na tisa."

"Hesabu tena."

"Kumi na tisa, Daktari. Ziliingia ishirini."

"Imeanguka sakafuni hiyo!" Tukatafuta ndooni, chini ya meza, hata ndani ya kiatu changu. Hakuna. "Sista, nipe uzi."

"Sikupi."

"Unajua Alhamisi kuna nini?"

"Najua. Uzi sikupi."

Mtaalamu wa usingizi, ambaye namwona pale anacheka, siku ile alijifanya anasoma mashine. Nikarudisha mkono tumboni kwa hasira, nia yangu ikiwa kumuumbua Sista mbele ya watu. Vidole vikaigusa. Ilikuwa nyuma ya ini, imelowa, imejikunja. Ningeifungia humo ndani, mimi huyu, na vyeti vyangu vyote ukutani, na yule mama angekwenda nyumbani kuoza akiwa hai.

Mama, simama watu wakuone. Mwoneni! Gauni alilovaa Sista leo limeshonwa na mikono ya huyu. Pigeni makofi, msione aibu.

Alhamisi nilifika kikaoni nikaomba barua yangu nirudishiwe, nikaeleza yote. Mwenyekiti akamgeukia Sista: "Una la kusema?" Alikuwa na nafasi ya kunianika juani. Akajibu, "Sina, Mwenyekiti. Nilifanya kama kawaida." Nilikwenda kulia kwenye maegesho ya magari.

Jioni nikamgongea jirani yangu, mwalimu wa lugha, nikamuuliza: hili neno lina nini? Maana sisi tunalitumia ovyo. Habari za kazi? Kawaida. Chakula kikoje? Cha kawaida. Mwalimu akavaa miwani. Akaniambia tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni kanuni. Tena ni msingi, kile kinachokaa chini ili nyumba isimame juu yake. Na shina lenyewe ni kitendo cha kukaa. Miaka kumi nilimtania mwanamke huyu kwa kumwita msingi, na yeye alikuwa akinijibu, kila siku, kwa adabu, kwamba amekaa mahali pake na haondoki!

Wauguzi vijana, ni nani kati yenu atakayekuja kusimama pale na kumwambia daktari mwenye sauti kama yangu, "Sikupi"? Msingojee siku ya ushujaa. Sista hakuwa shujaa Jumatatu ile. Alihesabu kama alivyohesabu Jumapili, na ndiyo maana tulishinda. Na tumeshinda, ndugu zangu! Miaka thelathini na moja, na hakuna mgonjwa aliyetoka mikononi mwake na kitu kisicho chake.

Sista, tafadhali simama. Barua hii naichana mbele yako, nimechelewa miaka ishirini na moja. Sasa niruhusu nikuulize kwa mara ya mwisho, kama kawaida. Idadi imetimia?

Mmesikia wa nyuma? Amesema imetimia.

Basi, kwa ruhusa yake, na kwa shukrani zangu kwenu mlionivumilia, nafunga.