Ukurasa Mweupe Benchini kwa Aisho

Ukitaka kujua hali ya dunia usiulize redio. Nenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaa kwenye benchi la Mama Aisho, agiza kahawa ya tangawizi, utege sikio. Pale stima ya sola hukatika inapojisikia, lakini maneno hayakatiki. Asubuhi hiyo hata salamu za "ejok" za wapita njia ziliitikiwa nusunusu, kwa sababu Abdiqani alikuwa ameinamia laptopu yake mkweche isiyo na betri, na kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

Yaani, kulikuwa na balaa. Kalamu, programu ya kuandikia kwenye kompyuta, haina tajiri. Mtu yeyote duniani anaweza kuifungua tumbo, akatoa kasoro, akawarudishia wenzake bure. Abdiqani alitibu ugonjwa uliowatesa watu wa Kakuma: stima ikikatika, maandishi yanapotea. Sasa Kalamu inajiwekea nakala yenyewe, na stima ikirudi unakuta neno lako la mwisho linakungoja. Hakuishia hapo. Akaipamba na uso: vitufe vikubwa, rangi za kuonekana juani, takataka zote nje. Mafundi wa huko nje wakafurahi, wakaandika jina lake pamoja na yao. Jina tupu, bila namba ya kambi. Juzi toleo jipya likatoka, na leo alfajiri malalamiko yakaanza kumiminika.

— Hebu soma tena, alisema Ochola, dereva mstaafu wa malori. Watu humwita Spika, maana hakuna hoja inayopita bila yeye.

— "Nimeandika asubuhi nzima. Nimerudi, ukurasa mweupe." Wako wengi, Mzee Spika. Na mkuu wa mafundi anasema nisipopata kasoro kufikia adhuhuri, wanaondoa kazi yangu yote. Na jina langu.

— Wueh! aliruka Ebenyo, muuza kadi za simu, maarufu kama Netiwaki. Hao wanakuonea wivu, bro. Kikulacho ki nguoni mwako, na hao wako Ulaya.

— Kama wako Ulaya, watakuwaje nguoni mwake? Spika aliuliza.

— Kwani mitumba inatoka wapi?

Spika alitikisa kichwa kwa huruma.

— Si wivu. Ni baridi. Mimi nimeendesha lori miaka, ukishapita Kainuk ukaanza kupanda mlima, injini inabadilisha sauti. Hii Kalamu imelelewa na joto letu. Ikifika kwa theluji, herufi zinaganda. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Ama setelaiti, Mzee. Maneno yakipita huko juu, mengine yanadondoka. Mimi nauza bando, najua. Saa hii yako nyikani Namoruputh, mbuzi wanayasoma.

— Mbuzi asome, na wewe umeshindwa? Mama Aisho alidakia, akimimina.

Wakacheka wote isipokuwa Abdiqani. Tangu alfajiri amejaribu njia ileile, na kila mara Kalamu ilimwonyesha kwamba haina kosa.

— Tazameni wenyewe.

Akachomoa waya, skrini ikazima. Akarudisha waya, akawasha, akafungua. Maneno yote yapo.

— Basi kompyuta zao ndizo mbovu, Spika akahukumu. Mgonjwa haulizwi uji.

Mwisho wa benchi alikaa mgeni, Jelagat, mwalimu aliyetoka Eldoret, akingoja gari la Lodwar.

— Samahani, alisema. Mkimaliza kazi, hii kitu mnaifunga aje?

— Kufunga? aliuliza Netiwaki.

— Ndiyo. Si mtu akimaliza anabonyeza ile eksi ya juu pembeni, anaenda zake?

Spika akamtazama Netiwaki. Netiwaki akamtazama Mama Aisho.

— Mwalimu, sisi tunafungiwa na stima, Netiwaki alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

Abdiqani aliigeukia ile eksi kwenye skrini. Tangu apate ile laptopu hajawahi kufunga kitu kwa mkono wake. Na alipokuwa akiisafisha Kalamu, alikutana na kisanduku kimoja kinachouliza, "Hifadhi kazi kabla ya kufunga?" Hakuwahi kukiona kwenye skrini hata siku moja. Akawauliza hawahawa wa benchini kama wamewahi kukiona. Wote wakasema hapana. Akakitupa nje pamoja na takataka nyingine.

— Na ukifunga, ile nakala inafutwa, alijisemea kwa sauti. Programu inadhani mtu ameshaulizwa.

— Si ubonyeze tuone, alisema mwalimu.

Aliandika neno moja tu: Ejok. Akabonyeza eksi, akafungua tena.

Ukurasa mweupe.

— Ni mimi, akasema. Wallahi, ni mimi.

Hakujua acheke au alie. Amewapotezea kazi watu ambao hatawaona maishani, na jua lilikuwa linakaribia utosi. Akaanza kuandika mbio, akikosea, akifuta, akiandika tena. Taa ndogo ya sola ukutani ikapepesa.

Mama Aisho alikung'uta birika, likatoa machicha matupu.

— Kahawa imeisha. Rudisha hicho kisanduku, mwanangu, kabla stima haijatufungia.